Meza ya rauta ya kuweka na kutoa kwenye mashine ya kazi nyingi: dalili, chanzo na tiba

Karakana nyingi za Dodoma, kuanzia Chang'ombe mpaka Kizota na Nkuhungu, zina nafasi ya mashine moja kubwa tu: ile yenye msumeno, randa na sehemu ya kutoboa kwenye fremu moja. Tangu Serikali ihamie hapa, kazi za makabati ya jikoni, milango na fremu zimekuwa nyingi, na kila moja inadai gruvu (mfereji kwenye ubao), ribeti (ngazi kwenye ukingo) na moldingi (ukingo wa mapambo). Baadhi ya mashine hizi zina spindo yake (mhimili wima unaozungusha visu), lakini spindo huzunguka mizunguko elfu kadhaa tu kwa dakika, na biti ya rauta (rauta ni mota ndogo ya kasi, biti ni kisu chake chenye shina) imetengenezwa kwa 10,000 hadi 24,000. Ukiifunga huko itakuachia mawimbi kwenye mbao. Ndiyo maana fundi huchonga meza ndogo ya rauta inayokaa kwenye reli za upande wa msumeno, akimaliza anaitoa na kuisimamisha ukutani.

Baada ya hapo malalamiko huanza, na karibu yote hufika yakiwa na hukumu tayari: rauta mbovu, biti feki. Mara nyingi rauta ni nzima na biti haina kosa. Tatizo liko pale meza inapokalia mashine. Meza ya kudumu ukishaipima umeipima. Meza ya kutoa inaweza kupoteza kipimo kila unapoiinua, na kipimo hicho usipokirudisha, makosa yake hujitokeza kwa sura za mtetemo, moshi, gruvu isiyo sawa na hata ubao kurushwa. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, anza na makalio ya meza (pale inapokaa juu ya reli) kabla hujagusa kitu kingine.

Kabla ya ukaguzi wowote, chomoa plagi ya rauta kabisa, usitegemee swichi yake. Zima mashine mama (ile kubwa inayobeba meza) kwenye swichi kuu. Shusha bledi ya msumeno chini ya usawa wa meza, au itoe.

Ubao unagonga ukingo unapovuka kati ya meza mbili

Hii ndiyo dalili inayoletwa kuliko zote. Unasukuma ubao mrefu, ukifika kwenye ukingo wa meza ya rauta unagota, au unapanda kidogo na kuacha alama.

Chanzo cha kwanza ni uchafu. Maranda na unga wa mbao hujikusanya juu ya reli na ndani ya vishikizo, na Dodoma unaongeza vumbi jekundu la upepo wa kiangazi. Punje ya mchanga yenye unene wa nusu milimita chini ya kona moja inatosha kupindisha meza nzima. Inua meza, piga brashi makalio yote manne, futa kwa kitambaa kikavu, rudisha. Usipake grisi kwenye reli hizo, kwa sababu grisi hushika vumbi na kesho utakuta ugoro mgumu. Mafundi wengi tatizo lao huishia hapa.

Likibaki, angalia mguu wa chini. Meza nyingi zina mguu mmoja unaogusa sakafu upande wa nje. Sakafu ya karakana nyingi ni zege lisilo na usawa, na mashine ikisogezwa hata shubiri moja, mguu ule unakuwa mrefu au mfupi. Weka rula ndefu ya chuma juu ya meza zote mbili, piga tochi kutoka nyuma, uone mwanga unapopita. Rekebisha kwa boliti ya mguu. Usipachike kipande cha ubao chini yake, kitahama kwa mtetemo. Dawa ya kudumu ni kuuunga mguu huo kwenye fremu ya mashine yenyewe, ili mashine ikihama na mguu uhame nao.

Chanzo cha tatu ni bamba linaloshika rauta. Meza iko sawa, ila bamba limekaa juu au chini ya uso wake. Hapa kuna kanuni ndogo: upande ubao unakoingilia, bamba lisiwe juu ya meza; upande unakotokea, lisiwe chini. Kama bamba halina skrubu za kusawazisha, weka vipande vya bati la kopo la soda chini ya kona zake. Bati hilo ni jembamba, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo unaweza kupanda hatua kwa hatua.

Cha mwisho, na ndicho kigumu, ni meza yenyewe kupinda. Plaiwudi iliyobandikwa fomaika juu tu na kuachwa uchi chini itapinda hapa bila shaka. Hewa ya Dodoma ni kavu kuanzia Mei mpaka mvua zinapokuja mwishoni mwa mwaka; upande ulio uchi unatoa unyevu, uliofunikwa hautoi, na meza inajikunja. Tiba ni kubandika fomaika pande zote mbili na kuziba kingo kwa vanishi au gundi. Meza ikishakuwa beseni, tengeneza nyingine. Kuikaza kwa boliti ili inyooke ni kuahirisha tu.

Kama meza mama ya chuma cha kutupwa ndiyo iliyopinda au kupasuka, acha. Usiipeleke kwa mchomeleaji wa grili. Chuma cha kutupwa kikichomelewa bila kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu hupasuka pembeni ya mshono. Tafuta fundi mitambo mwenye uzoefu wa chuma hicho. VETA (mamlaka ya ufundi stadi) au SIDO (shirika la viwanda vidogo) watakuelekeza pa kuanzia. Ushauri huohuo kwa anayetaka kutoboa matundu mapya kwenye meza mama ili afunge reli: kwanza chungulia chini uone mbavu za chuma zinapita wapi, na kama huoni vizuri, usitoboe.

Gruvu haina kina kimoja

Mwanzo wa ubao milimita 8, katikati 7, mwisho 8 tena. Ukishakagua makalio, na kabla hujalaumu chochote kingine, laza ubao wenyewe juu ya meza ubonyeze pembe. Ukicheza, umeshapata jibu. Mbao za paina zinazotoka Sao Hill, kule Mufindi, mara nyingi hufika bado zina maji, na zikikaa kwenye hewa yetu wiki chache hupinda kama kigae. Ubao uliopinda hupita juu ya biti ukiwa umeinuka, na hakuna meza itakayosahihisha hilo. Uache ukauke ukiwa umepangwa na vijiti katikati, kisha uurande uso mmoja kwanza. Mashine yako ina randa, itumie.

Ubao ukiwa sawa, angalia biti inavyoshikwa. Kama kina kinaongezeka taratibu, yaani gruvu ya mwisho ina kina zaidi kuliko ya kwanza, biti inapanda kutoka kwenye koleti (kibano cha rauta kinachoshika shina la biti). Hili ni hatari, si kasoro tu. Sababu zake kwa mpangilio: koleti ina unga na utomvu ndani, nati haikukazwa, biti imesukumwa mpaka ikagota chini. Biti iliyogota haibanwi vizuri, kwa hiyo iingize mpaka mwisho halafu irudishe nje milimita 2 au 3 ndipo ukaze. Shina liwe ndani ya koleti si chini ya milimita 20.

Na hapa kuna jambo ambalo ningeomba kila fundi alisome mara mbili. Madukani kwetu biti za inchi na za milimita huuzwa kwenye kasha moja. Robo inchi ni milimita 6.35, nusu inchi ni milimita 12.7. Shina la milimita 6 ndani ya koleti ya robo inchi litaonekana limebanwa, hata ukivuta kwa mkono halitoki, lakini kwenye mzunguko wa 20,000 kwa dakika litachomoka. Vivyo hivyo la milimita 12 kwenye koleti ya nusu inchi. Usizungushe bati wala karatasi kwenye shina ili lijae. Pima kwa kalipa kabla ya kununua, na koleti yenye mikwaruzo au iliyopanuka itupe.

Kama kina kinapungua, rauta ndiyo inashuka. Rauta ya kushuka na kupanda kwa springi ikigeuzwa kichwa chini hubeba uzito wake kwenye kufuli moja. Kaza kufuli, na kwa kazi ya siku nzima tumia skrubu ndefu ya kurekebisha kina badala ya kutegemea springi.

Kinabaki chanzo cha meza kubonyea katikati. Rauta kubwa ina kilo 5 au 6, na meza inaning'inia nje ya mashine. Ukiiacha rauta ikining'inia chini ya meza ya MDF (ubao wa unga wa mbao na gundi) usiku na mchana, meza itabonyea. Ongeza mbavu mbili za mbao ngumu kwa chini, zipite pande zote mbili za bamba, na ukimaliza kazi itoe rauta na bamba lake.

Ubao unavutwa kutoka mikononi, au unarushwa

Simamisha kazi kwanza. Dalili hii huumiza watu, na chanzo chake kikubwa ni upande wa kusukumia.

Rauta iliyogeuzwa chini ya meza huzungusha biti kinyume cha saa ukiitazama kwa juu. Ukisimama mbele ya meza na fensi (ukuta mdogo wa kuegemezea ubao) ikiwa mbele yako ng'ambo ya biti, ubao lazima utoke kulia kwenda kushoto. Hapo meno yanapingana na mkono wako na yanaubana ubao kwenye fensi. Ukisukuma kushoto kwenda kulia, meno yanaukamata ubao na kukimbia nao, na mkono unafuata.

Kila fundi wa rauta analijua hilo, lakini meza ya kutoa ina mtego wake. Leo umeifunga upande wa msumeno, kesho umeigeuza upande wa randa kwa sababu kuna nafasi, na sasa unasimama ng'ambo. Mwili umezoea kusukuma kuelekea mlangoni, ukasahau kwamba fensi imehamia upande mwingine. Chora mshale mkubwa wa rangi juu ya meza, na mwingine juu ya fensi. Mishale isipoelekea upande mmoja, umefunga vibaya. Fanya hivyo hata kama karakana ni yako peke yako.

Chanzo cha pili ni kupitisha ubao katikati ya biti na fensi. Usifanye hivyo hata mara moja, hata kwa kipande kidogo. Pale nyuma ya biti meno yanakwenda upande uleule unaosukuma, na ubao umebanwa pande mbili. Utaruka kama mshale.

Cha tatu huwapata hata mafundi wazuri: kupanua gruvu. Umeshakata gruvu ya milimita 12, unataka 15. Ukisogeza fensi kuja kwako, biti itakula ukuta ulio upande wa fensi, na hapo inavuta. Sogeza fensi nyuma, mbali nawe, ili biti iule ukuta ulio upande wako.

Baada ya hayo ndipo uangalie kina cha mkato. Kwenye mninga, mkongo au msaji, milimita 3 kwa mpito ni mkato wa heshima kwa biti ya shina jembamba. Gruvu ya milimita 10 ikatwe kwa mipito minne. Kipande kifupi kuliko urefu wa kiganja na nusu usikishike kwa vidole. Kata moldingi kwenye ubao mrefu halafu upunguze, na tumia kibao cha kusukumia.

Mbao inaungua, inanuka, au kingo zinachanika

Sababu ya kawaida ni kusitasita. Ukisimama katikati ya ubao ili ubadilishe mikono, biti inasugua pale pale na doa jeusi linabaki. Panga mikono kabla hujawasha, na uwe na kiti cha mbao au rola ya kupokea ubao mrefu ili usilazimike kukimbilia upande wa pili. Kama unagota kwenye ukingo wa meza na ndipo panapoungua, rudi kwenye dalili ya kwanza.

Kisha kasi. Biti nyembamba ya milimita 12 kwenye 24,000 inakwenda mita 15 au 16 kwa sekunde kwenye ncha yake. Biti pana ya milimita 50 kwa mzunguko uleule inakwenda zaidi ya mita 60 kwa sekunde. Haiunguzi tu, inaweza kurusha meno. Biti pana ishushe mpaka karibu 10,000 au 12,000, na soma kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye shina lake. Rauta isiyo na kidhibiti cha kasi isifungwe biti pana kabisa.

Halafu ubutu. Mvule una vijiwe ndani yake, msaji una chembechembe za silika, na gundi ya MDF inasaga meno. Biti ikiwa na utomvu, iloweke kwenye mafuta ya taa, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha vizuri. Usikwangue kwa bisibisi, meno yake ya karbaidi ni magumu lakini huvunjika upesi. Ukiona jino limepata pengo, usiinoe mwenyewe kwa jiwe la grainda: meno mawili yasipokuwa sawa biti inapoteza mizani.

Kuchanika mwishoni mwa ubao wakati unakata kwa kukatiza nyuzi kunazuilika kwa kuweka kibao cha akiba nyuma yake. Wakati wote malizia na mpito mwembamba wa nusu milimita.

Mtetemo na kelele mpya

Toa meza na rauta yake, iweke juu ya farasi wawili imara (stendi za kazi), ibane kwa klampu, washa bila kukata. Mtetemo ukiisha, kosa liko kwenye makalio au kwenye vifungio vinavyoiunganisha na mashine. Ukibaki, badili biti uweke ndogo iliyo nzima. Ukiisha, kosa liko kwenye biti ya kwanza. Ukiendelea, ni beringi za rauta: zima, chomoa, shika shina la biti ulitikise, likicheza, beringi zimekwisha, peleka kwa fundi wa mota. Usiwashe mashine mama wakati rauta inafanya kazi. Mtetemo wa randa hupita kwenye reli na kuandikwa kwenye moldingi yako, na watu wawili kwenye fremu moja ni ajali inayosubiri.

Mwisho wa ubao unaliwa zaidi

Sentimita chache za mwisho zinazama. Hapa watu wengi hupoteza muda kupima kama fensi iko sambamba na ukingo wa meza. Haihitajiki, biti ni ya duara, pembe ya fensi haiibadilishi, isipokuwa unapotumia kiongozo kinachoteleza kwenye mfereji wa meza. Kinachotakiwa ni nusu mbili za fensi ziwe kwenye mstari mmoja. Na kama biti inakula ukingo wote wa ubao, nusu ya upande wa kutokea isogezwe mbele kwa kiasi kilekile kinacholiwa, la sivyo ubao ukiachana na nusu ya kwanza unadondokea kwenye biti.

Umeme: breka inakata, rauta inakosa nguvu, meza inapiga shoti

Rauta ya wati 1,800 kwenye volti 230 hula karibu ampea 8. Mashine mama ya nguvu za farasi 3 peke yake inaweza kula zaidi ya ampea 12, na wakati wa kuwaka mara kadhaa ya hapo. Zote mbili kwenye soketi moja ya ampea 13 haziwezekani. Kwanza, kwa hiyo, angalia zimechomekwa wapi. Pili, ekstensheni: waya mwembamba wa mita 30 hupunguza volti na rauta inalegea kwenye mbao ngumu, tumia waya usiopungua milimita za mraba 1.5, na uukunjue wote, kwa sababu ukiwa umeviringwa kwenye gurudumu unapata moto. Tatu, kaboni za rauta (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka). Cheche ndogo ni kawaida. Cheche zinazozunguka duara zima, harufu ya vanishi iliyoungua au moshi maana yake amecha, yaani hiyo sehemu inayozunguka, inaumwa. Chomoa na upeleke kwa fundi, usijaribu "mara moja tu".

Rauta iliyogeuzwa humeza unga wake yenyewe. Ipulize kila jioni, ukiwa umevaa barakoa. Vumbi la mninga na mvule huwasha pua na kifua.

Swichi ya rauta hufungwa ikae kwenye kuwaka. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha ukaenda kununua tokeni, rauta itaanza kuzunguka yenyewe umeme ukirudi, pengine mwanafunzi wako ameshika biti. Pitisha umeme wa rauta kwenye swichi ya sumaku inayojizima umeme ukikatika, ifungwe mbele ya meza mahali goti linaweza kuifikia.

Mwisho, shoti. Kiangazi, bomba la plastiki la kunyonya vumbi hutengeneza umeme wa msuguano, unaochapa mara moja na kuisha. Waya mtupu wa shaba uliozungushiwa bomba na kufungwa kwenye fremu unautuliza. Lakini usichukulie kwamba ndio huo. Kila mchapo uhesabu ni umeme unaovuja mpaka upimwe. Ardhi ya Dodoma ikikauka haipitishi umeme vizuri, na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iliyopimwa wakati wa masika inaweza isifae mwezi wa kumi. Ukisikia ganzi kwenye chuma cha meza, zima swichi kuu bila kugusa mashine, zuia watu wasiikaribie, na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime ethi, waya na mota kwa vifaa vyake. Mpaka amalize, meza ya rauta ibaki ukutani na mashine ibaki imezimwa.